Majani ya Kabla ya Maulidi

Siku ya tatu ya matanga ya Baba mukubwa Selemani nilikuwa nimekaa na wanawake wenzangu kwenye mikeka ya chumba cha ndani, pale nyumbani kwake Kasongo, tunachambua mchele. Ramazani, mtoto wake wa kwanza, alikohoa mlangoni ili tujifunike vizuri, akaingia, akawapita watu wote akaja kuchuchumaa mbele yangu. "Dada Mashavu," akasema, tena kwa sauti ya kusikika mpaka barazani, "familia ilikaa jana. Tumeona Maulidi imerudi tena mwisho wa kiangazi, sawa na ule mwaka wako. Tunataka kurudisha mawindo ya baba, na moto wake, kwa kumukumbuka. Lakini wazee wanasema wewe kwanza uombe radhi. Baba amekufa na lile jambo ndani ya roho." Mikono yote ikasimama juu ya mchele. Nilimpenda marehemu, nililia mpaka sauti ikanikauka, na bado nitamlilia. Lakini radhi? Nikamwambia, "Mdogo wangu, pole na msiba. Radhi siombi." Mama mmoja nyuma yangu akasonya. Na asonye. Nikaendelea kuchambua mchele wangu.

Kwa hiyo naandika mwaka ule kabla ya miaka mingine yote. Sitaanza na babu alitoka wapi na nani alimzaa nani. Kasongo kila nyumba ina hadithi hiyo, na kila nyumba huipamba ipendavyo. Mwaka ule nchi ilikuwa bado inaitwa Zaire. Nilikuwa nasomea kilimo mbali, huko kusini, chuo kikafungwa kwa vurugu za wakati ule, tukaambiwa kila mtu arudi kwao. Nikashuka Kasongo na sanduku moja na kiburi cha mtu aliyesoma nusu. Baba mukubwa alinipokea vizuri mno. Sebuleni kwake palikuwa na viti vya mbao vyenye vitambaa vya kushonwa kwa mkono, chupa ya chai ya tangawizi haikukauka, na kila Ijumaa ubani uliingia mpaka kwenye mashuka. Ila kuta za nyumba ile zilikuwa pazia tu, na nyuma ya pazia nikamsikia mke wake akisema, "Huyu mutoto akikaa hapa bila masomo, tumutafutie bwana. Ndizi ikiiva sana inaanguka yenyewe." Kesho yake asubuhi nikaomba baiskeli, nikasema nakwenda kumsalimia shangazi. Salamu hiyo ilichukua mwaka.

Shangazi Zainabu alikuwa dada yao, Baba mukubwa na marehemu baba yangu. Alikuwa mjane na alikaa peke yake kwenye mbuga yetu, ukitoka Kasongo kwa njia ya Kabambare, kabla hujafika Wamaza. Kazi yake ilikuwa majani ya kuezekea. Watu walitoka hata Lusangi kuja kufuata majani yake, kwa sababu hakuyakata ovyo. Aliyapa majina yake mwenyewe. Kulikuwa na jani laini aliloliita Nywele, ambalo hulazwa ndani ya paa. Kulikuwa na Mifupa, lenye bua gumu, la kubeba uzito. Kulikuwa na Mchelewaji, lisilochanua mpaka wenzake wamezeeka, ambalo hulazwa juu kabisa kwa sababu maji huteleza juu yake. Chini ya yote hayo palitambaa mmea wenye maganda madogo, ambao mbuzi waliupenda kuliko chumvi. Mimi nilijua majina ya kitabu ya baadhi ya mimea hiyo, na yeye hakuyataka. "Jina la kizungu halizuii mvua," alisema. Nami nikamjibu kwamba lake la Nywele nalo halizuii, na tukaanza kugombana hivyo siku ya kwanza, tukagombana mwaka mzima, tukapendana sana.

Ila nyumba ya fundi wa majani ilikuwa inavuja! Ndilo jambo la kwanza nililoliona. Nilifika mvua za mwisho zikiwa bado zinanyesha, na usiku wa kwanza tulihamisha kitanda mara mbili. Sufuria ya ugali ilikaa katikati ya chumba kupokea maji, kwa hiyo ugali wa mihogo tulisongea kwenye chungu chenye ufa, na sombe, yale majani ya mihogo ya kutwanga, tukaila na mawese mengi ili tusisikie moshi uliomo. Ukuta wa upande wa magharibi ulikuwa umelowa mpaka unaacha alama ya kidole. Nyumba ya udongo ni hivyo, paa likiachia, ukuta hauchelewi. Nikamwuliza, shangazi, weye unayeezekea watu, juu ya nini hujajiezekea? Akaacha kumega tonge. "Majani yangu ya mwaka jana yaliliwa na moto wa kaka yako Selemani," akasema. Nikamwambia si kaka yangu, ni baba yangu mukubwa. "Basi mwambie baba yako mukubwa," akasema, "nisipoezeka kiangazi hiki, mvua inayokuja nitailalia nje."

Nieleze huo moto. Familia yetu ilikuwa na desturi ya kuwinda siku chache kabla ya Maulidi. Wanaume walitega nyavu upande mmoja wa mbuga, wakawasha moto upande wa pili, na simbiliki, yule panya mkubwa wa majani mwenye nyama tamu, pamoja na swala wadogo, wakakimbilia nyavuni. Nyama ikapikwa, Maulidi ikasomwa, na watu wakala, maskini kwanza. Sidharau hilo. Kulikuwa na nyumba Kasongo ambazo nyama ya siku ile ndiyo nyama waliyoizungumzia mpaka mwaka mwingine. Lakini Maulidi inahesabiwa kwa mwezi wa angani, na kila mwaka inarudi nyuma siku kumi na kitu. Ikaingia kwenye mvua, na majani mabichi hayawaki, desturi ikalala miaka mingi. Mwaka mmoja kabla ya kurudi kwangu, Maulidi ikatokeza upande wa pili, ikaangukia mwisho kabisa wa kiangazi, mbuga ikiwa kavu kama karatasi. Kasongo ikafurahi. Mila imerudi! Baba mukubwa akatangaza kwamba mwanamke yeyote asiingie na mundu mbugani mpaka mawindo yapite, ili wanyama wawe na pa kujificha. Wanawake wakatii. Moto ukapita. Paa la shangazi, lililokuwa bado limesimama mbugani, likaenda na moshi.

Kama hasara ingekuwa ya mwaka mmoja, ningenyamaza. Lakini nilianza kutembea ile mbuga kila asubuhi na mbuzi wa shangazi, na nilichokiona kilinikera. Mahali pakubwa, kote moto ulikopita, paliota jani moja tu, lile kali lenye ncha ya sindano ambalo linatambaa chini ya udongo na halijali kuunguzwa. Shangazi aliliita Mkuki. Nywele halikuwepo. Mchelewaji hakuwepo. Ule mmea wa mbuzi nao haukuwepo, na mbuzi walikula Mkuki wakitikisa vichwa kama watu waliopewa dawa chungu. Karibu na kijito tu, ambapo unyevu uliuzima moto, kipande kimoja kilibaki na majani yote, yamechanganyikana kama zamani. Kwa hiyo nikamhoji shangazi: baada ya moto ule mvua ilikuwaje? Akasema ilichelewa kuja, ikaja, halafu katikati ikakata kabisa, watu wakalia na mpunga wao. "Na majani?" Akafikiri. Akasema huku kwa Mkuki mbuga yote ilikauka kwa pamoja na ikasimama kukua. Kule kijitoni yaliinama kidogo tu, yakaendelea.

Hapo ndipo masomo yangu nusu yalipopata kazi. Nilifunga kamba za kitambaa nikapima kipande cha huku na kipande cha kule, ukubwa sawasawa, vyote viwili mbali kidogo na maji ili asiseme ni kijito. Nikakata yote mpaka chini na kuyafunga mizigo. Hatukuwa na mizani. Nikampa shangazi, mmoja mkono huu, mmoja mkono huu, macho yamefungwa. Mikono ya mwanamke aliyebeba majani maisha yake yote haidanganyiki. "Huu ni mutoto," akasema akiuinua wa Mkuki, "na huu iko mama yake." Nikamweleza kwa nini. Majani mengi ni kama nyumba yenye watu wa kazi mbalimbali: mmoja mizizi yake iko chini sana, anakunywa maji ambayo wengine hawayafikii, mmoja anaota upesi mvua ikigusa tu, mmoja anasubiri, yule mwenye maganda analisha udongo wenzake wakapata nguvu, na wote pamoja wanaufunika udongo usichomwe na jua. Mvua ikikata, mmoja akiugua, chungu bado kinachemka. Jani moja peke yake likishindwa, nyumba nzima imelala njaa. Shangazi akasikiliza vizuri, halafu akasema, "Sasa hiyo si ilikuwa ya kuniambia tu? Umenikatia majani ya bure mizigo miwili." Akayatandika bandani kwa mbuzi.

Jambo moja lilinisumbua. Ikiwa moto ulikuwa unaua, mbona wazee walichoma zamani, na mbuga ya zamani ilikuwa na kila jani? Jibu nililipata kwa kusikiliza kupitia pazia, kwa mara nyingine. Nilikuwa nimekwenda Kasongo kuchukua sabuni na chumvi, kiangazi kimeanza, umande bado mzito asubuhi. Wanaume walikuwa sebuleni wanapanga mawindo, wanakula mikate ya mafuta. Mwindaji mmoja anayeitwa Kalumba, aliyekuwa mbeba nyavu wakati Maulidi ya zamani ilipoangukia kiangazi, alikuwa anajisifu. "Nyinyi mumeona moto wa mwaka jana, moshi mweusi, mutu anakimbia na nyayo zimeungua. Sisi zamani tulitembea nyuma ya moto miguu mitupu, moshi mweupe kama maziwa, tunacheka!" Nilisimama na sabuni mkononi. Moshi mweupe ni wa majani yenye maji ndani. Kumbe Maulidi ya wakati wao iliangukia mwanzo wa kiangazi, siku kama zile tulizokuwa nazo. Moto ulipita juu juu, ukala yaliyokauka, ukaacha shina zima, na wiki chache baadaye mbuga ikachipua. Hii yetu iliangukia mwisho, wakati jani limekauka mpaka kwenye moyo wake. Walishika siku ya Maulidi wakadhani ndiyo wameshika mila.

Sikufikiri. Nikafungua pazia nikasema, "Maulidi inatembea, lakini majani hayatembei." Mkate mmoja ulibaki nusu njia ya kuingia mdomoni. Nikaeleza, haraka haraka, kwamba wakitaka kuchoma kama wazee wawashe sasa hivi, wiki hii, au angalau wawaache wanawake wakate kwanza na wachome mabaki kungali na umande, halafu wao wawinde sehemu iliyobaki. Baba mukubwa alinitazama kwa huruma. Hakuwa mkali kamwe, na upole wake ulikuwa mgumu kuliko bakora. "Mwanangu, unajua nani wanakula ile nyama?" Nikasema najua. "Majani yakikatwa, wanyama watahama. Nitawaambia nini wajane?" Nikamjibu, "Shangazi naye ni mjane, baba. Paa lake limeoza." Akasema tutamsaidia, Mungu akipenda. Kisha, kwa kuwa wanaume walikuwa wanamwangalia, akaongeza: "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu." Wakacheka. Guu langu zima mpaka leo, namshukuru Mungu.

Nilirudi mbugani nikiisukuma baiskeli kwa hasira badala ya kuipanda. Shangazi alikuwa anamenya mihogo. Nikamweleza yote, na nikamwambia mimi kesho naingia na mundu. Nilitegemea ataogopa. Alimaliza muhogo aliokuwa nao, akachukua mwingine. "Tutasemwa mpaka tutamani kuzaliwa upya," akasema. Nikasema najua. "Na mimi ndiye nitakayebaki hapa. Wewe chuo kikifunguliwa utapanda garimoshi." Hilo lilikuwa kweli. Yeye ndiye mwenye nyumba, yeye ndiye mwenye kuta zinazolowa, na anayekataza ni kaka yake. Akaweka kisu chini. "Lakini nimelala chini ya sufuria mvua nzima," akasema. "Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Noa mundu mbili." Mpaka leo watu wanasimulia kana kwamba mtoto wa chuo alimpoteza mama mtu mzima. Uongo mtupu. Tulikuwa wawili.

Tulikata sehemu yetu yote, kutoka kijitoni mpaka njia ya Wamaza, na majirani walipita na vikapu vyao wakiangalia upande mwingine, kwa sababu hawakutaka kuulizwa waliona nini. Mmoja tu alisimama, akasema kwa sauti ndogo, "Mama Zainabu, munatuletea matatizo," na shangazi akamwambia, "Mundu ya tatu iko ndani, ukiitaka." Hakuitaka. Chakula chetu siku zile kilikuwa mihogo ya kuchoma na karanga, tukila tumesimama, mikono inawasha kwa mikwaruzo, na nasema wazi kwamba sijapata kufurahi vile katika maisha yangu. Mizigo tuliipanga chumbani kwangu mpaka nikalala kama mtu aliyekodi pembe ya ghala. Harufu ya majani makavu iliingia kwenye nywele, kwenye chai, kwenye kila kitu. Tulipomaliza tukasubiri asubuhi yenye umande mzito, tukawasha mabaki. Moto ulikwenda taratibu kama mgonjwa, nasi nyuma yake na matawi mabichi, miguu mitupu, tunakohoa na kucheka. Moshi ulionekana mpaka Kasongo.

Mchana huohuo nikaitwa. Sebule ilijaa, na safari hii sikupewa chai. Baba mukubwa alikuwa na uso wa mtu aliyeibiwa na mwanawe. Alisema nimekula nyama ya sikukuu ya Mtume, nimewanyang'anya masikini tonge, nimemvunjia heshima mbele ya vijana. Kalumba, yuleyule wa moshi wa maziwa, alisema mwanamke kuwasha mbuga ni balaa. Hukumu ikatoka: siku ya Maulidi nisimame mbele ya wanawake niombe radhi, na mpaka niombe, sahani ya shangazi isipakuliwe. Mimi waniadhibu, potelea mbali. Lakini walijua kuwa sahani ya shangazi ndiyo mahali pa kunishika. Nikasema, "Baba, nakuheshimu. Sikuiba kitu. Nimekata majani ya mama mwenye mbuga ili alale pakavu." Nikaondoka bila kuagwa. Nilipomfikishia shangazi hukumu yake, alipiga kofi moja hewani. "Mimi nilikula sombe kabla ya Maulidi, nitakula sombe baada ya Maulidi. Wao wanadhani nilizaliwa na sahani yao?"

Halafu ikaja siku ya mawindo. Upepo ulikuwa mbaya. Wakawasha upande wa mashariki, moshi mweusi, na ule moto ulipiga kelele ambayo sitaisahau, ukaruka njia, ukawapita wawashaji wenyewe. Wanyama hawakwenda nyavuni. Mnyama si mjinga: anakimbilia pasipowaka. Na kwenye mbuga yote kavu kulikuwa na mahali pamoja tu pasipowaka, sehemu yetu, iliyochomwa mapema, ambayo wakati ule ilikuwa imechipua majani mabichi ya kufika kwenye vifundo vya miguu. Tulikuwa tumesimama pale na shangazi, na simbiliki wakatupita miguuni. Swala mmoja alisimama karibu yetu anahema, ulimi nje. Moto ukafika kwenye mpaka wetu ukakosa cha kula, ukafa. Ndipo wanaume wakatokea wakikimbia na mikuki, nyuso nyeusi kwa masizi, Baba mukubwa mbele yao, na wakatukuta wanawake wawili katikati ya nyama yote ya Maulidi. Shangazi akawatazama mmoja mmoja, akasogea pembeni hatua kidogo. "Chukueni," akasema. "Ni ya masikini. Mimi sigombani na masikini."

Wakachukua. Maulidi ikasomwa, ubani ukafukizwa, watu wakala, na nyama waliyokula ilitoka juu ya majani yetu. Sikuomba radhi. Nilikaa kati ya wanawake nimefunga mdomo, na bakuli zilipopitishwa, zilimpita shangazi. Niliona kwa macho yangu mwiko ukimruka, kutoka kwa mwanamke wa kulia kwake kwenda kwa mwanamke wa kushoto, na nilitaka kuinuka nipindue chungu. Shangazi akanishika mkono. Alikaa wima mpaka dua ya mwisho, akaitikia amina kwa sauti kuliko wote, tukarudi nyumbani kwa miguu. Njiani alilia. Watu waliomjua hawaamini ninapowaambia, lakini alilia, na aliponiona namtazama akasema ni vumbi.

Ramazani, najua utasoma hapa. Mwaka uliofuata, baba yako alisimama msikitini akatangaza kwamba wanawake wakate kwanza, wachome mabaki kwa umande, na mawindo yafuate kwenye sehemu iliyobaki. Alitangaza kana kwamba aliota yeye. Mimi chuo kilikuwa kimefunguliwa, sikuwepo, niliandikiwa. Akafanya hivyo kila mwaka mpaka vita vilipotutawanya, na Nywele na Mchelewaji wakarudi kidogo kidogo mbugani. Sasa niambie, mtu hufuata kosa miaka yote hiyo? Kama nilikosea, mbona alinifuata? Na wewe leo unataka kurudisha moto wa mwisho wa kiangazi, sasa ambapo mvua haina ahadi tena, inakuja mapema, inakatika, inarudi na mafuriko, na vijana wako wanaopeleka watu Salamabila kwa pikipiki hawajui jani moja kwa jina. Fanya mawindo. Pika. Nitakuja kula. Lakini mundu utangulie, na usipotangulia, unanijua. Kuhusu radhi, shangazi yangu alishanijibia, na alimjibu mwenyewe mwenye kudai.

Ilikuwa mvua ya kwanza kubwa baada ya Maulidi ile. Ilichelewa sana, kisha ikaja yote kwa mara moja. Tulikuwa tumeezeka: Nywele ndani, Mifupa katikati, Mchelewaji juu, na ukuta wa magharibi tumeukandika upya. Baba mukubwa alikuwa anatoka Wamaza kwa baiskeli, mvua ikamkamata mbele ya mlango wetu, na heshima haimruhusu mtu kupita nyumba ya dada yake katika maji kama yale. Akaingia, amelowana mpaka kwenye kofia. Shangazi akampa kitenge ajifute, akampa kiti chetu kimoja, akamwekea ugali na sombe na samaki mkavu. Mimi na shangazi tulikuwa hatujasemezana naye tangu siku ya bakuli zile. Nje palikuwa hapaonekani hata mti. Ndani hapakudondoka tone. Alikula kidogo, akainua macho, akatazama paa kwa muda mrefu, kila pembe, kama fundi anayetafuta pa kulaumu.

"Haivuji," akasema.

"Haivuji," akasema shangazi.

Akamega tonge, akalishika tu. Kisha akasema, bila kunitazama mimi, kwa ule upole wake, "Zainabu, mwambie mutoto aombe radhi juu ya haya majani. Aseme neno moja tu, yaishe."

Nilifungua mdomo. Sijui ningesema nini. Nilikuwa mchanga, nilimpenda, na nilikuwa nimechoka. Shangazi aliniwahi. Hakupandisha sauti. Alikwenda mlangoni, akaufungua wote, mvua ikanyunyiza mpaka katikati ya chumba.

"Kaka," akasema, "kama ni makosa, toka chini yake kwanza. Ukiwa pale nje, ataomba."

Baba mukubwa alitazama mlango. Alitazama mvua. Tulisubiri, mimi na shangazi, na yeye anajua kwamba tunasubiri. Halafu akasogeza kiti nyuma kidogo, mbali na manyunyu, akavuta sahani karibu naye, akala mpaka ikaisha.